Kupiga picha protini ndani na kandokando ya uvimbe wa saratani: mwongozo kamili, kutoka ndoo ya fomalini hadi kompyuta

Ukitaka kujua ubora wa picha ya protini za saratani, usianze kwa kuuliza hadubini ni ya kampuni gani. Uliza kinyama, yaani kipande cha tishu, kilikaa wapi tangu mpasuaji alipokikata hadi kilipozama kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu. Nimeona maabara zenye mashine za bei mbaya zikitoa picha za kusikitisha, na maabara yenye hadubini ya kawaida ikitoa picha ambazo ungezitundika ukutani. Mara nyingi tofauti ilianzia chumba cha upasuaji, saa nyingi kabla ya mtu yeyote kuwasha taa ya hadubini.

Mwongozo huu ni wa mteknolojia wa maabara, mwanafunzi wa uzamili na daktari wa patholojia anayetaka kuanza kazi hii kwa mpangilio. Mfano wangu mkuu ni saratani ya matiti, kwa sababu hapo picha ya protini ndiyo inayoamua dawa. Baadaye tutatoka nje ya uvimbe na kutazama majirani zake: seli za kinga, mishipa midogo ya damu na tishu unganishi.

Kwanza, swali

Kabla hujaagiza kingamwili yoyote, yaani molekyuli inayoshika protini unayoitafuta ili ipate rangi, andika swali lako kwa sentensi moja. Kuna aina tatu za maswali, na kila moja ina njia yake.

Kama unauliza "protini hii ipo au haipo, na iko sehemu gani ya seli?", rangi moja ya kahawia kwenye slaidi inatosha. Ni njia rahisi na ya kuaminika, na hospitali nyingi za rufaa zinaifahamu. Kama unauliza "seli za kinga zimefika zilipo seli za saratani, au zimekwama nje?", utahitaji rangi kadhaa kwenye tishu ileile. Na kama unauliza "protini hii ipo kwenye uvimbe wote mwilini, pamoja na ule uliosambaa kwenye mifupa na ini?", hapo slaidi haitoshi, ni kazi ya PET, picha ya mwili mzima kwa chembe za mnururisho.

Wengi wanakosea kwa kuanza na mbinu. Mtu amesikia kuna mtambo unaoonyesha protini 40 kwa mpigo, basi anautafutia swali. Protini nne zilizochaguliwa kwa akili zitakupa jibu ambalo 40 za kubahatisha hazitakupa.

Kibali cha maadili kipatikane mapema. Tanzania utapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Kenya kamati ya maadili ya taasisi yako kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ikiwa slaidi zitavuka mpaka, mkataba wa kuhamisha sampuli unachukua muda kuliko unavyodhani.

Fomalini: hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea

Kinyama kikishatolewa mwilini, damu haikifikii tena na protini zinaanza kuharibika. Mwongozo unaofuatwa na wengi, ule wa ASCO na CAP, vyama vya Marekani vya madaktari wa saratani na wa patholojia, kwa saratani ya matiti, unataka kinyama kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Andika saa ya kukata na saa ya kuzamisha kwenye fomu. Bila saa hizo mbili, matokeo hasi hayana mtetezi: huwezi kusema kama protini haikuwepo au iliozea kwenye beseni.

Fomalini yenyewe iwe asilimia 10 yenye bafa. Kwa lita moja: mililita 100 za fomalini nzito ya dukani, mililita 900 za maji yaliyosafishwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya monobesiki na gramu 6.5 za sodiamu fosfeti ya daibesiki isiyo na maji. Bila bafa fomalini hugeuka asidi, na ikikutana na damu huacha punje za kahawia-nyeusi kwenye tishu. Kwa jicho lisilozoea, punje hizo hufanana na rangi ile ile unayoitafuta. Kwetu kwenye malaria kuna punje nyingine za namna hiyo zinazoachwa na vimelea, kwa hiyo zifahamu zote mbili.

Ujazo wa fomalini uwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa kinyama. Titi zima lililobanwa kwenye ndoo ndogo, likapandishwa basi la usiku kutoka mkoani, litafika limeiva nje na limeoza ndani. Fomalini hupenya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa saa, na baada ya kupenya bado inahitaji muda wa kufunga protini mahali pake. Ndiyo maana hata kipande chembamba cha sindano kinapewa saa 6. Tiba ya titi zima ni moja: baada ya kupaka wino kwenye kingo na kukubaliana na mpasuaji, likatwe vipande vya milimita 5 hivi, na kati ya kipande na kipande iwekwe shashi ili fomalini ipite.

Dalili ya kosa hili utaiona baadaye. Weka slaidi ya ER, protini inayopokea homoni ya estrojeni, chini ya lenzi ndogo. Ukiona viini vya kahawia vimejaa pembeni na vinafifia kadiri unavyoelekea katikati, mpaka katikati kote kumekuwa bluu tupu (rangi ya viini visivyoshikwa na kingamwili), usikimbilie kuandika kwamba uvimbe una sura mbili. Kwanza tafuta mifereji ya kawaida ya titi iliyo katikati hapohapo. Kwa kawaida baadhi ya seli zake huwa na ER. Kama nayo imekuwa bluu, basi fomalini haikufika. Maji yameshamwagika, omba bloku nyingine, yaani kipande kingine cha tishu kilichozamishwa ndani ya nta.

Upasuaji wa Ijumaa jioni si tatizo, ikiwa Jumatatu kinyama kitaingia kwenye mashine ya kuandaa tishu kabla saa 72 hazijatimia. Tatizo ni chupa ya maji ya chumvi. Kinyama kilichokaa kwenye maji ya chumvi tangu asubuhi kwa sababu fomalini imeisha hakifai kwa kazi hii. Spiriti nayo si mbadala, maana viwango vya kusoma HER2, protini nyingine inayoamua dawa ya saratani ya matiti, vimepimwa kwa tishu za fomalini.

Kukata na kuamsha antijeni

Kata vipande vya mikromita 3 hadi 4 kwa mikrotomu, mashine ya kukata tishu nyembamba, uvipandishe kwenye slaidi zenye chaji, la sivyo vitang'oka wakati wa kuchemsha. Kausha kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa moja. Usikate slaidi za mwaka mzima ukaziweka kabatini: kwa ER na HER2, slaidi iliyokatwa zaidi ya wiki 6 zilizopita haipendekezwi. Bloku hudumu, slaidi iliyokatwa huchoka.

Fomalini inapolinda protini, huzifunga pia, kiasi kwamba kingamwili haioni pa kushika. Albert Coons na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 1941 kwamba kingamwili inaweza kubebeshwa rangi inayong'aa, lakini kwa miongo kadhaa tishu za fomalini ziliendelea kuwa ngumu. Mwaka 1991 Shan-Rong Shi na wenzake walieleza jambo linaloonekana la ajabu: chemsha slaidi. Joto hulegeza vifungo vya fomalini na protini zinaonekana tena. Huko ndiko kuamsha antijeni, yaani protini inayotafutwa.

Kwa vitendo, una bafa mbili. Saitreti ya pH 6.0 ni mpole kwa tishu. Tris-EDTA ya pH 9.0 ina nguvu zaidi, na mara nyingi ndiyo inayofaa kwa ER, na kwa CD8 na FOXP3, protini za seli za kinga. Joto la nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20, kisha acha zipoe ndani ya bafa hiyohiyo kwa dakika 20 nyingine. Sufuria ya presha ya jikoni inafanya kazi vizuri kabisa, ila dakika zake ni chache, na iwe ya maabara tu, isirudi kupikia maharage. Maabara zilizo kwenye miinuko zikumbuke kwamba maji huchemka kwa joto la chini. Nairobi hayafiki hata nyuzi 95. Huko sufuria ya presha inakuwa lazima.

Kingamwili na vidhibiti

Kingamwili nzuri ni ile iliyothibitishwa kwa tishu ya fomalini. Iliyofanya kazi kwenye tishu mbichi iliyogandishwa haina ahadi yoyote kwako. Soma jina la kloni, yaani toleo mahususi la kingamwili, si jina la protini pekee. Kloni mbili za PD-L1, protini inayozuia seli za kinga, zinaweza kutoa picha mbili tofauti kwenye uvimbe mmoja.

Kabla ya sampuli za wagonjwa, tafuta uwiano wa kuzimua. Anza na ule wa kwenye karatasi ya kiwandani, kisha jaribu nusu yake na mara mbili yake. Unatafuta pale protini inapoonekana wazi na mandhari ya nyuma ni safi. Wengi huongeza kingamwili rangi ikiwa hafifu. Mara nyingi dawa ni kurekebisha hatua ya kuchemsha.

Kila siku ya kazi uwe na slaidi tatu za ziada. Ya kwanza ina tishu unayojua ina protini hiyo: tonsili kwa seli za kinga, na kwa HER2 uvimbe uliokwisha kuthibitishwa kuwa 3+, 1+ na 0 (alama hizi zinaelezwa mbele). Ya pili ni tishu isiyo na protini hiyo. Ya tatu ni sampuli yenyewe, lakini bila kingamwili ya kwanza. Kama ya tatu imepata kahawia, hakuna matokeo ya siku hiyo yanayotoka nje ya chumba. Huu ndio msimamo wangu, na umenigombanisha na watu wenye haraka.

Siku ya kupaka rangi

1. Ondoa nta kwa zailini, mara mbili, dakika 5 kila mara. Shusha kupitia alkoholi ya asilimia 100, 95 na 70, kisha maji.
2. Chemsha kwenye bafa uliyochagua, zipoe.
3. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa dakika 10, ili kuzima vimeng'enya vya tishu yenyewe, hasa kwenye chembe nyekundu za damu.
4. Osha kwa bafa yenye Tween, aina ya sabuni, kidogo. Kuanzia hapa slaidi isikauke hata kidogo. Ikikauka, kingo zote zitakuwa za kahawia.
5. Kingamwili ya kwanza: dakika 30 hadi 60 kwenye joto la chumba, ndani ya kisanduku chenye unyevu. Karatasi ya tishu iliyoloweshwa chini ya slaidi inatosha.
6. Kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza, yenye polima na kimeng'enya, dakika 30.
7. DAB, kemikali ambayo kimeng'enya huigeuza kuwa kahawia, dakika 5 hadi 10, ukitazama slaidi ya kidhibiti kwenye hadubini. Vaa glovu, DAB inashukiwa kusababisha saratani, na taka zake hazimwagwi sinki.
8. Himatoksilini, rangi ya bluu ya viini, kwa sekunde chache tu. Bluu nzito huficha kahawia hafifu ya viini.
9. Pandisha kupitia alkoholi na zailini, funika.

Kwa melanoma, badili DAB kwa rangi nyekundu. Melanini ni ya kahawia, na melanoma ya nyayo, ambayo ndiyo aina inayowapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, inaweza kuwa na melanini nyingi kiasi cha kuzika rangi yako.

Kusoma: ER na HER2

ER husomwa kwenye kiini. Asilimia 1 ya viini vya saratani vikipata rangi, uvimbe unahesabiwa kuwa na ER. Tangu 2020, kati ya 1 na 10 huandikwa kuwa ER ya chini, ili daktari wa tiba ajue.

HER2 husomwa kwenye utando wa seli, na hapa jicho linahitaji mazoezi. Kwenye 3+, utando wote unazungukwa na kahawia nzito kwa zaidi ya asilimia 10 ya seli, na picha nzima inakuwa kama wavu wa banda la kuku: vyumba vidogo vyenye kuta nene, bluu katikati. Utaiona hata kwa lenzi ya 5. Ukilazimika kupanda hadi lenzi ya 10 au 20 ndipo uone mzunguko kamili, hiyo ni 2+, na inahitaji kipimo cha jeni, kuona kama jeni ya HER2 imeongezeka, kabla ya uamuzi. Ukilazimika kufika 40 na unaona vipande vya utando tu, ni 1+. Chini ya hapo ni 0.

Zamani 0 na 1+ zilitupwa kapu moja, maana trastuzumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, haikuwasaidia wagonjwa wa kundi lolote kati ya hayo. Mwaka 2022 trastuzumab deruxtecan iliidhinishwa kwa wagonjwa wenye saratani iliyosambaa na HER2 ya chini, yaani 1+, au 2+ ambayo kipimo cha jeni hakikuonyesha ongezeko. Sasa mstari kati ya 0 na 1+ una maana kwa mgonjwa. Tazama pia mifereji ya kawaida iliyo kwenye slaidi: kama nayo imepata wavu, umechemsha kupita kiasi au kingamwili ni nzito mno. Usisome kingo za kipande cha sindano. Huko seli zimebanwa na rangi hujikusanya.

Na tafadhali usipime wingi wa protini kwa weusi wa DAB. Rangi hiyo hailingani sawasawa na kiasi cha protini. Inakuambia ipo, iko wapi, na kwa seli ngapi.

Kutoka nje ya uvimbe

Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake huko Paris walionyesha, kwa saratani ya utumbo mpana, kwamba aina, wingi na mahali pa seli za kinga vinatabiri mustakabali wa mgonjwa vizuri sana. Hesabu yao hutazama maeneo mawili, katikati ya uvimbe na ukingo wake. Neno kubwa hapo ni mahali. Seli za CD8, zile za kinga zinazoua, zinaweza kujaa ndani ya uvimbe, zinaweza kukwama kwenye tishu unganishi zikiuzunguka uvimbe bila kuingia, au zisiwepo kabisa. Ukisaga tishu na kupima protini, hali mbili za kwanza zinaweza kukupa namba ileile. Picha peke yake ndiyo inayozitenganisha.

Kwa mwanzo ninapendekeza seti hii: DAPI kwa viini, keratini kwa seli za saratani, CD8 kwa seli za kinga zinazoua, FOXP3 kwa zile zinazozuia, CD68 kwa makrofaji (seli za kinga zinazomeza), na PD-L1. Ukivutiwa na fibroblasti, seli zinazojenga tishu unganishi, ongeza SMA, au CD31 kwa mishipa, lakini baada ya seti ya kwanza kukaa sawa.

Kuna njia mbili unazoweza kuzimudu. Ya kwanza ni tairamidi, kemikali inayobeba rangi: unapaka kingamwili, kimeng'enya chake kinabandika rangi inayong'aa moja kwa moja kwenye protini za jirani, kisha unachemsha kuondoa kingamwili huku rangi ikibaki. Unarudia kwa protini inayofuata. Mpangilio ni muhimu, kwa kuwa protini nyingine hazivumilii kuchemshwa mara tano. Jaribu kila kingamwili kwenye nafasi ya kwanza, ya kati na ya mwisho. Protini adimu ipewe rangi yenye mwangaza mkali, na protini mbili zinazokaa utando mmoja zisipewe rangi zinazokaribiana.

Ya pili ni ya mizunguko: unapaka rangi chache, unapiga picha, unazizima kwa haidrojeni peroksaidi yenye alkali chini ya mwanga, unapaka nyingine, unapiga tena. Baadaye kompyuta inapanga picha kwa kufuata viini vya DAPI. Kundi la Peter Sorger huko Harvard ndilo lililoitangaza, na uzuri wake ni kwamba hadubini ya kawaida ya floresenti inatosha. Kwa maabara isiyo na fungu nene, ningeanzia hapa. Mitambo ya madini mazito, inayosoma protini zipatazo 40 kwa leza na kipima uzito wa atomi, iache kwa ushirikiano na taasisi iliyonayo.

Daima beba slaidi moja isiyopakwa chochote. Kolajeni, chembe nyekundu za damu na tishu za zamani hung'aa zenyewe, hasa upande wa kijani. Bila slaidi hiyo utaandika ripoti juu ya mng'ao wa kolajeni.

Kupiga na kuhesabu

Weka muda wa mwanga kwa kila rangi ukitumia kidhibiti chenye mwangaza mkubwa, hakikisha hakuna pikseli iliyofika kikomo, kisha usiuguse tena hadi slaidi ya mwisho. Kuongeza mwanga kwa sampuli hafifu ni kufuta kile ulichokuja kupima. Hifadhi kwa OME-TIFF, aina ya faili la picha lisilopoteza taarifa, au faili asili la skana. JPEG hutupa taarifa. Andaa diski, kwani slaidi moja ya rangi nyingi inaweza kula makumi ya gigabaiti.

Kwa hesabu tumia QuPath, programu ya bure iliyoanzia Belfast. Chora mwenyewe mpaka wa uvimbe, ukikaa na daktari wa patholojia. Tenga ukingo wa milimita 1 kando ya mpaka huo. Toa maeneo yaliyokufa, mikunjo na kingo. Tambua viini kwa programu ya StarDist au Cellpose, panua kila kiini kwa mikromita 3 hadi 5 kupata seli, kisha weka kizingiti cha kila rangi kwa kutazama vidhibiti.

Halafu fungua sehemu kadhaa za slaidi na ukague kwa macho. Seli moja ikionekana ina keratini na CD8 kwa pamoja, kuna uwezekano mkubwa ni seli mbili zilizobanana na programu imezikata vibaya. Nikiona takwimu zenye seli nyingi za namna hiyo, siendelei kusoma.

Umbali ndio unaotoa utamu. Hesabu seli za CD8 zilizo ndani ya mikromita 20 au 30 kutoka seli ya saratani, kisha linganisha na zilizo mbali. Ila kumbuka kwenye takwimu: seli laki tano kutoka kwa wagonjwa watano bado ni wagonjwa watano. Mgonjwa ndiye kizio cha hesabu.

Mwili mzima

PET hubebesha molekyuli inayoshika protini chembe ya mnururisho. FDG ya kawaida, yaani sukari yenye mnururisho, huonyesha matumizi ya sukari, haionyeshi protini unayoitafuta. Kwa protini kuna molekyuli zinazoshika PSMA, protini ya saratani ya tezi dume, FAPI, iliyokuzwa Heidelberg, inayoshika fibroblasti zinazozunguka uvimbe, na trastuzumab yenye zirkoniamu-89 kwa HER2. Nusu-uhai, muda wa mnururisho kupungua nusu, ndio unaopanga ratiba: galiamu-68 ni dakika 68, florini-18 dakika 110, zirkoniamu-89 saa 78 hivi. Kingamwili nzima huchukua siku kadhaa kufika na kutulia, kwa hiyo galiamu haiifai. PET huona milimita kadhaa, si seli, kwa hiyo doa linalong'aa kwenye ini bado litahitaji sindano na slaidi pale inapowezekana. Afrika Mashariki, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina PET. Uliza mapema ni molekyuli gani zinapatikana, kwani FDG ndiyo ya kila siku.

Unapoandika

Taja kloni na namba ya toleo la kila kingamwili, uwiano wa kuzimua, pH na dakika za kuchemsha, saa za fomalini, umri wa slaidi, muda wa mwanga na vizingiti vyote. Weka picha za vidhibiti pamoja na za wagonjwa, kwa mwangaza uleule. Bloku zirudi kwenye kabati kavu mbali na joto, zikiwa zimefunikwa nta upya pale zilipokatwa, na namba zake ziandikwe kwa penseli, kwa sababu zailini hufuta wino.